Bibi Hakukiamini Kiingereza Changu

Juzi nilijikuta nimesimama nyuma ya mlango wa binti yangu, pumzi nimeibana, nikimsikiliza akicheka na simu yake. Nikamkumbuka bibi yangu, na nakwambia, niliona aibu.

Nilikuwa na miaka kumi, hapahapa Goma. Jirani yetu, dereva wa njia ya Rutshuru, alikuwa na jenereta na mchezo wa video wa vita. Tukitoka shule, watoto wa mtaa mzima tulijazana sebuleni kwake. Shuleni tulifundishwa Kifaransa. Kiingereza nilikiokota pale, bila kujua maana yake. Siku moja nachambua maharagwe na bibi, nikajisahau, nikaamrisha kwa sauti nzito: "Enemy! Move, move!"

Bibi akaweka ungo chini. Alikuwa amekimbia vita mara mbili, na kwake hiyo ilikuwa lugha ya wenye bunduki.

"Nani anakufundishaka luga ya maaskari? Sema, ao unapanda gari ya Butembo, utabaki kwa mujomba wako."

Nikamweleza ni mchezo tu. Hakuniamini hata kidogo. Jioni ile nilikuta begi langu limefungwa, limewekwa mlangoni. Nililia sana.

Kesho yake akanifuata kwa jirani. Akakalia kiti cha plastiki, rozari mkononi, sahani ya sambaza, vile vidagaa vya ziwani, magotini, macho kwenye televisheni.

"Ule mutu amesema nini?"

"Sijui, bibi."

"Unanificha."

Basi ilinibidi nijue. Niliangalia askari wa kwenye kioo anafanya nini akiamriwa, nikamuuliza dereva, nikaandika nyuma ya daftari la hesabu. Siku ya pili bibi aliuliza maneno yaleyale, aone kama nitajikanyaga. Alikuja hivyo miezi mingi, na begi halikufunguliwa. Siku alipolifungua alinipa tu sketi zangu nizifue, zilinuka vumbi.

Leo natafsiri Kiingereza katika ofisi moja ya mtaa wa Himbi. Sebule ile haipo tena, na bibi tulishamzika.

Juzi niliingia, nikavuta kiti karibu na binti yangu.

"Ule mutu amesema nini?"

"Hakuna kitu, mama." Akageukia ukutani, visikilizio masikioni.

Bibi hakuelewa Kiingereza, lakini kila nilichosikia alikisikia. Mimi ninayekielewa nilikaa pale, sisikii kitu.