Sikio la Injini

Taa ya injini iliwaka Jumatatu jioni tukipanda kwenda nyumbani, mlimani juu ya Katito, mama akiwa amelala kiti cha nyuma baada ya kusafishwa damu. Gari likaishiwa nguvu. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho, likajivuta kama mtoto anayepelekwa kuogeshwa. Nikatukana kwa sauti ya chini, maana mama ni mtu wa kanisa.

Kila Jumatatu na Alhamisi namtoa mlimani nampeleka Kisumu kwenye mashine, kwa sababu figo zake zimekataa kazi. Akikosa mara moja, anavimba miguu. Akiendelea kukosa, daktari alishanieleza, na sitaki kurudia hapa alichosema. Pikipiki hawezi kukalia, na magari ya abiria hayafiki kwetu. Kwa hiyo uhai wake unategemea gari langu, na mimi ni fundi wa umeme wa magari. Ungedhani hapo hakuna tatizo.

Lakini mganga hajigangi. Kesho yake, kibandani kwangu Nyamasaria, nilichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ikaniambia shida iko kwenye saketi ya nok sensa. Hicho ni kidude kilichofungwa kwa bolti ubavuni mwa injini, na kazi yake ni kusikiliza tu. Injini ikianza kugonga, kinaiarifu kompyuta, nayo inachelewesha moto wa plagi kabla injini haijajiumiza. Kisiposikika, kompyuta inaogopa, inachelewesha moto wakati wote, na gari linakuwa zito. Sasa, mashine ilisema saketi, haikusema sensa. Wateja nimewafokea miaka mingi kwa kununua vipuri kabla ya kupima. Ila siku hiyo nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilikimbia kutafuta sensa iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali, nikaifunga, nikafuta kosa kwenye kompyuta, taa ikazimika. Nikajisifu. Nilipolijaribu barabarani, kabla sijafika Ahero, ikawaka tena.

Mama alipiga simu kuuliza kama gari limepona. Nikasema bado. Akanijibu nisijisumbue sana, kama halitaki basi, na utulivu wa sauti yake uliniudhi. Nilimwambia Alhamisi nitakuwa mlangoni kwake hata nikilisukuma.

Jumatano sikunywa hata chai. Nilichomoa soketi ya kompyuta, nikaweka ncha moja ya mita pale na nyingine kwenye soketi ya sensa kule chini. Mita, ambayo hulia waya ukiwa mzima, ikanyamaza. Nikatikisa waya, ikalia kidogo, ikanyamaza tena. Basi sikio lilikuwa zima tangu mwanzo, habari ndiyo haikufika. Nilipofungua ile soketi ya chini nikakuta tope na mchanga laini, na pini ya shaba imeliwa na kutu ya kijani. Nilikata kipande kilichooza, nikaweka soketi nyingine na waya mpya wenye koti lake la nyuzi za chuma, lile linalouzuia kuokota kelele za plagi. Mita ikalia bila kukatika. Nikaliendesha hadi Muhoroni nikiyapita matrekta ya miwa, na taa haikuwaka.

Ningefurahi, lakini ule mchanga ulinikera. Ulikuwa mchanga wa ziwa. Kila Alhamisi, mama akitoka kwenye mashine, hupenda kukaa ufuoni anywe supu ya samaki huku vijana wakiliingiza gari majini kuliosha, nami naenda mjini kununua vipuri. Amri yangu kwao ni moja: osheni mwili, boneti msiiguse. Nilirudi Kisumu moja kwa moja, nikashuka ufuoni ngumi zikiwa tayari. Mkubwa wao alinitazama kwa mshangao.

"Boss, si ni mama mwenyewe hutuambia tufungue boneti, tumwagie injini maji? Mwezi mzima sasa. Tulimwambia utakasirika, akasema wewe ndio umemtuma."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiambia labda vijana wanadanganya, labda mama hakujua. Lakini mama ni mjane wa dereva wa trekta la miwa. Alizeeka akimsikia baba akilalamika juu ya maji na nyaya.

Alhamisi asubuhi nilimkuta ameketi mlangoni, amevaa nguo zake za kutokea, mkoba miguuni. Hasira nilikuwa nimeipanga njia nzima. Nikamweleza nilichokikuta, na walichosema vijana. Hakukana. Alinyoosha kitambaa cha kichwa, akaniita karibu.

"Nyathina, mwanangu, nilitaka gari ndio ikatae, sio mimi. Mimi nikikataa, wewe utalia."

Hasira yote iliniisha, nikabaki na woga. Miezi yote ile nilikuwa nimemuuliza kuhusu miguu, vidonge, chumvi, usingizi. Kama anataka kwenda, sikuwahi. Nilimtoa tu, nikamfunga mkanda, nikaondoa gari, maana mimi ni mtu wa haraka na niliamini haraka ndiyo mapenzi. Nilikaa kwenye ngazi kando yake. Ilinichukua muda kulipata lile swali.

"Mama, unataka twende?"

Aliangalia chini kule bondeni, kwenye mashamba na ziwa kwa mbali.

"Leo twende," akasema. "Jumatatu uniulize tena."

Gari lilishuka mlima bila shida yoyote. Tangu hapo namuuliza kila siku ya safari kabla sijawasha injini, na ufunguo siugeuzi mpaka ajibu.