Watu Wawili wa Kuulizwa Habari Zangu

Kosa lenyewe ni la kijinga kiasi kwamba mama yangu, ambaye hunitetea mbele ya kila mtu, alilicheka kwanza ndipo akanihurumia. Nilipoomba kazi ya maana kwa mara ya kwanza maishani, nilitakiwa kutaja watu wawili wa kuulizwa habari zangu. Wa kwanza nikamtaja mwalimu wangu wa zamani. Wa pili nikamtaja jirani, na sikumwambia. Nilitaka kumshtua kwa furaha. Mimi hupenda sana kushtua watu, mradi nisiondoke kitini.

Maana kukaa ndiyo fani yangu. Naishi Migosi kwa mama, chumba cha nyuma, na tangu nimalize kidato cha nne sijatoka Kisumu ila kwa jambo moja: matanga. Hiyo nayo ni kazi. Akina mama wa ploti yetu wana chama cha kukopeshana kinachokodisha mahema na viti, na huku kwetu biashara hiyo hailali, kwa sababu mtu hazikwi bila watu kukaa, na watu hawakai chini. Mimi ndiye katibu. Walinichagua kwa mwandiko wangu mzuri, na kwa kuwa wakinihitaji wananipata nyumbani. Mweka hazina ni huyo jirani, mama aliyehamia hapa zamani kutoka upande wa Nyeri na anayeuza viazi sokoni Kibuye. Alikuja hajui neno hata moja la Kijaluo. Siku hizi "yawa" yake, yaani "jamani," inatushinda sisi wenye lugha.

Tangazo nililiona kwa simu. Shirika la kigeni la kufadhili maendeleo lilikuwa linafungua ofisi mjini, na lilitaka vijana wa uanagenzi, wajifunze jinsi pesa za nje zinavyokopeshwa vikundi vya kando ya ziwa na jinsi ya kujua kama zimesaidia mtu. Uwe na digrii ya uchumi au fedha, "au uzoefu unaolingana." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniponza. Nani alikuwa na uzoefu wa pesa za kikundi kunishinda? Tena umri wao wa mwisho ulikuwa ndio wangu. Kufikia Krismasi ningekuwa mzee kwa hesabu yao. Ilikuwa hii, au nibaki katibu wa viti mpaka siku vitakapokodishwa kwa ajili yangu.

Basi nikaandika. Mahema yakawa "mali ya kudumu." Ugomvi wa akina mama juu ya viti vilivyovunjwa kwenye matanga ya Katito nikauita "usimamizi wa hasara." Sikudanganya. Niliuvalisha ukweli suti tu.

Wakanijibu! Tukafanya mahojiano ya video, mimi nimevaa tai juu na kaptula chini, mama amenyamazisha kuku wote. Upande wa pili walikuwa bwana mmoja na bibi mmoja, wapole. Waliuliza chama chetu hufanya nini mwanachama akishindwa kulipa mkopo. Nikasema, anakuja kuosha viti. Wakacheka, wakaandika. Yule bibi akasema mtu kama mimi ndiye waliyekuwa wakimtafuta, na kwamba kilichobaki ni kuwapigia watu wangu wawili. Jioni hiyo mama alitoa sandukuni suruali ya marehemu baba, akaipiga pasi, akaitundika nyuma ya mlango. Haikuwa imetoka humo tangu tulipomzika.

Sasa, kuna jambo sijasema. Mwaka uliotangulia nilikopa kwa simu, ile mikopo inayokuchekea ukichukua na kukutolea meno ukichelewa. Nilichelewa. Wakaanza kupigia kila mtu aliyekuwa kwenye simu yangu. Jirani alipigiwa akiwa sokoni, akatukanwa mbele ya wateja. Nilimwambia, "Mama, wakipiga tena sema hunijui. Wakikusumbua sana, sema nilikufa." Baadaye nililipa. Ila kumwambia jirani kwamba nimelipa, nikasahau.

Kwa hiyo sauti laini ilipompigia ikisema inatoka shirika la fedha na inataka habari zangu, yeye alijua la kufanya.

Mimi nilijua kwa barua pepe. Ilikuwa imeandikiwa "familia ya marehemu." Ilisema nilikuwa kijana mwenye akili na ucheshi, na kwamba pengo langu litaonekana. Nimeisoma mara nyingi. Nikiwa hai hakuna aliyewahi kunisifu namna hiyo.

Nilimkuta jirani mlangoni kwake akimenya viazi.

"Mama, kuna mtu alikupigia kuniulizia?"

"Wale wa mkopo? Si juzi! Katibu, hiyo siku nilikusaidia, yawa."

"Ulisema nini?"

"Nikasema ulikufa. Akauliza lini, nikamwambia tumezika Jumamosi, kwenu Nyakach. Eti nina hakika?" Alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Nikamwambia, madam, hata viti ni sisi tulipeleka."

Nilirudi ndani nikawaandikia kwamba niko hai. Nikaeleza kila kitu, hata ule mkopo, nikidhani watu wa fedha watathamini ukweli. Nikaomba wanipigie kwa video wanione nikipumua. Jibu lilikuja fupi. Walifurahi kusikia mimi ni mzima. Hata hivyo, kwa kuzingatia uaminifu wa taarifa na historia yangu ya kulipa madeni, nafasi wamempa mwingine. Shirika linalokopesha nchi nzima nzima, zinazochelewa kulipa miaka na miaka na kuongezewa, liliogopa mtu aliyechelewesha mkopo wa simu. Mama alikunja suruali ya baba, akairudisha sandukuni.

Jirani nikaacha kumsalimia. Kwenye mkutano wa chama niliandika aliyoyasema bila kumtazama, na mandazi yake sikuyagusa, jambo ambalo akina mama walilichukulia kama ugonjwa. Krismasi ikapita. Siku tulipokuwa tunafunga mahema ya kupeleka matanga Sondu, alikuja akashika upande wa pili wa turubai, tukakunja pamoja mpaka mikono yetu ikakutana katikati. Hakuiachilia ncha yake.

"Katibu," akasema, "mimi nilikuua juu nilidhani nakuokoa. Hao wamejua uko hai na bado hawakutaki. Sasa mbona unaninunia mimi?"