Jina Lililotoka Chini ya Barakoa

Wenzake wa leba walimwita Sukuma, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mkunga huyo alikuwa na sauti ya kuita mtu aliye mtaa wa pili, na utani wa wodini ulikuwa kwamba nusu ya watoto wa mji ule walitoka haraka kwa kumwogopa yeye. Siku hizi anazungumza polepole mno, hata madaktari inabidi wamwinamie ndipo wamsikie. Sauti ilimpotea mwaka wa maradhi, jina likabaki.

Mwaka huo alipangiwa wodi ya pembeni, walikolazwa wajawazito walioambukizwa. Wahudumu walivaa magauni ya plastiki na barakoa mbili mbili, wakajiandika majina kifuani kwa kalamu nene, maana nyuso hazikuonekana. Ndugu waliishia getini. Kwa mwenye mimba kubwa ugonjwa ule ulikuwa na roho mbaya zaidi: mtoto anayabana mapafu kutoka chini, homa inayabana kwa ndani, na mama anabaki akihema kama anayepanda ngazi zisizokwisha.

Alikuwamo fundi cherehani mmoja, mimba yake ya kwanza. Hali ilipozidi kuwa mbaya, daktari aliamua uchungu uanzishwe, huenda akiutua mzigo atapata pumzi. Sukuma alimshika mkono muda wote, na wakati ulipofika hakuthubutu kumpigia kelele zake za kawaida, kwa sababu pumzi yenyewe ilikuwa ya kuokoteza. Mtoto wa kike akatoka, akakatwa kitovu, na muuguzi akamchukua mbio kwenda chumba kingine, kwani amri ya siku zile ilikuwa mtoto asikae na mama mgonjwa hata kidogo. Alilia akiwa ameshafika kwenye korido. Sukuma, aliyekwenda kuwafungulia mlango, alimsikia, akashusha pumzi.

Aliporudi kitandani, mama alijivuta akasema neno moja chini ya barakoa ya oksijeni, nayo ikivuma.

"Amelia."

"Jina zuri, mdogo wangu," Sukuma akamwambia.

Mama akatikisa kichwa. Akasema tena, "Amelia."

"Nimekusikia. Ndivyo atakavyoitwa."

Yule mama alimkodolea macho kwa muda mrefu, kisha akayafumba. Kabla jua halijazama alikuwa amekata roho.

Sukuma alilibeba jina mpaka getini, akamkabidhi bibi wa mtoto, mama mzazi wa marehemu, aliyekuwa ameketi juu ya kipande cha boksi. Bibi alilipokea kwa machozi. Shuleni mjukuu ana jina lake la ukoo, lakini nyumbani hajawahi kuitwa vingine. Na kila akitimiza mwaka, mkunga ndiye mgeni wa heshima, anapewa kiti chenye mto na kuombwa asimulie tena.

Mtoto alikuwa ameshaanza shule siku Sukuma alipofunguka macho. Ilikuwa katika leba ya kawaida. Mwanamke amejifungua, mtoto amewekwa mezani anafutwa, na mama akainua kichwa kwenye mto.

"Amelia?"

"Amelia, mama, tena kwa fujo," muuguzi akajibu. "Hukumsikia?"

Trei ilimponyoka Sukuma. Fundi wa watu hakuwa akimpa mtu jina. Alikuwa akiuliza kama mwanawe amelia, kama yu hai, kwa sababu oksijeni ilimziba masikio. Aliuliza mara mbili, akajibiwa kwamba ni jina zuri. Akafa hajui.

Toka hapo swali lile halimpi nafasi. Akifungua bomba analisikia, akipita karibu na mitungi ya oksijeni analisikia. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa. Akapiga moyo konde: siku ya kuzaliwa itakapofika, atasema kweli.

Ikafika. Bibi alikuwa akitia vifungo kwenye gauni jipya, karibu na cherehani ya marehemu. Mtoto akamwegemea mkunga magotini, akadai hadithi yake. Sukuma akafungua kinywa.

"Msimulie, mwanangu," bibi akasema bila kuinua macho. "Mama yake hakumwachia kitu kingine."

Mkunga akamvuta mtoto karibu. Akasimulia yale yale ya siku zote, mtoto akaridhika, akatoka nje kucheza na wenzake. Gauni lilipokuwa tayari, bibi akageukia dirishani.

"Amelia!"

Mtoto hakuja. Akaita tena, safari hii taratibu, kama anayeuliza. "Amelia?"

"Amelia!" Sukuma akajibu kwa ile sauti yake ya zamani, mpaka bati likavuma. "Amelia, mdogo wangu! Nimemsikia mwenyewe, mzima kabisa!"

Bibi akamtazama, sindano imeganda mkononi.

"Nani kalia?" akauliza. "Mbona mtoto anacheka huko nje?"