Neno Nililolitamka Nikiwa na Dawa Mwilini

Nilimwoza mjukuu wangu mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na sikumbuki hata neno moja nililolitamka.

Mimi ni Bulandina wa Bwera. Pombe siinywi, na akili zangu ni timamu. Someni taratibu.

Tumbo lilikuwa likiniunguza tangu mavuno ya kahawa. Daktari wa hapa akaamua nikapimwe Kasese kwa ule mpira mwembamba wenye kamera, unaopitishwa kinywani hadi tumboni. Akasema nitadungwa dawa ya kunituliza. Kwa hiyo nisile kitu tangu usiku, wala nisiende peke yangu.

Aliyejitolea kunipeleka ni Kakule.

Hapo ndipo shaka iliponiingia.

Kakule ni mnunuzi wa kahawa, aliyekimbia vita vya Beni, Kongo, akavuka mto wa mpakani na kuja kwetu. Alikuwa amemposa Immy, mjukuu niliyemlea kwa mikono yangu, nami nikamkatalia. Katika ukoo wetu, bibi akishasema "mleteni mbuzi wangu", binti ameshaolewa. Neno hilo halirudi kinywani.

Nami sikuwa tayari kulitamka kwa mtu ambaye kwao hatukujui. Mwanamume wa makamo yale hakosi kuwa ameacha mke alikotoka.

Sasa mtu huyohuyo ananifungulia mlango wa gari, sauti laini kama siagi. Paka hamsindikizi panya bila sababu.

Njia nzima yeye na Immy walinong'ona kule mbele. Tulipofika Munkunyu nikakohoa, wakanyamaza ghafla. Nikaliweka hilo moyoni.

Hospitalini alitupokea nesi aitwaye Gorret. Aliniuliza kama nimekula, akauliza dawa ninazotumia, akanivua meno ya bandia. Kisha akatueleza sote watatu.

"Mama, hutazimika kabisa. Utasinzia tu. Tukikuambia geuka, utageuka. Tukikusemesha, huenda ukajibu. Lakini baadaye unaweza usikumbuke."

"Nikisema jambo je?"

"Watu husema mengi. Ndiyo maana mpaka kesho hupiki, hushiki panga, wala hukati shauri lolote kubwa."

Nikamtupia Kakule jicho. Alikuwa anasikiliza kwa makini mno.

Nikaapa moyoni kwamba sitasinzia.

Wakanilaza ubavu wa kushoto. Koo wakalipulizia dawa chungu hadi likafa ganzi. Kidoleni wakanibana kifaa cha kupima pumzi, na kinywani wakanipa plastiki ya kuuma. Sindano ikaingia nyuma ya kiganja. Ili nijishike, nikaanza kusali Baba Yetu kimoyomoyo.

Nikafika "utupe leo".

"Mnaanza lini?" nikauliza.

"Tumemaliza zamani, mama," akajibu Gorret.

Nilikuwa katika chumba kingine. Meno yangu yalikuwa kinywani, na koo lilikwaruza. Immy alikuwa anacheka huku machozi yakimtoka. Kakule alikuwa ameinama, akitazama sakafu.

Gorret akaeleza kwamba wameona kidonda tumboni, kitapona kwa vidonge. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa nawatazama wale wawili.

Garini Immy akashindwa kuvumilia.

"Bibi, ahsante. Umesema mbuzi wako aletwe."

"Nimesema lini?"

"Pale kitandani. Hata nesi amesikia."

Damu ilinichemka. Kumbe safari nzima ilikuwa mtego! Niliwaambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Immy akangoja nimalize.

"Bibi, neno hilo halirudi kinywani. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Mtoto huyo alijua pa kunishika.

Kakule akasimamisha gari kando ya barabara, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo.

"Immy, wacha. Nesi alisema mupaka kesho." Akanigeukia. "Bibi, mulikuwa na dawa. Miye siwezi beba neno ya dawa. Kesho, akili ikitulia, nitakuya kuuliza upya."

Immy alimtazama kama mtu aliyetupiwa chakula chake nje.

Hata hapo sikumwamini. Nilisema huyu ni mjanja tu, anavuta kamba kistaarabu.

Kesho yake asubuhi akaja, akaketi. Sikumpa nafasi ya kufungua kinywa.

"Umeacha mke huko?"

Immy, aliyekuwa anamimina chai, akalisimamisha birika hewani. "Usijibu," akamwambia. "Alishakubali jana."

Kakule akanitazama mimi.

"Hata jana muliniuliza hiyo hiyo, Bibi. Pale kitandani. Nilisema yote, mukalia, mukanishika mukono, njo mukasema nilete mbuzi."

"Sikumbuki."

"Najua. Njo maana ninarudilia."

Akarudia. Alikuwa na mke, Yvette, aliyeuawa siku walipokuwa wanakimbia. Walikuwa na binti mdogo, na sasa mtoto huyo analelewa na mama yake Kakule huko Butembo. Immy aliyajua hayo yote tangu mwanzo. Ndiye aliyemsihi ayafiche mpaka harusi ipite, kwa kuwa alinisikia nikiapa kwamba mjukuu wangu hatalea mtoto wa mwanamke mwingine.

Yaani mtu huyu alikuwa na baraka yangu mkononi, nami nimesahau hata swali lililoizaa. Angenyamaza tu, mbuzi akaletwa, mambo yakaisha. Badala yake alikuja kulichimbua kaburi la mkewe mara ya pili, mbele ya bibi aliyemtukana jana yake.

Nilikunywa chai kidogo.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Wivine."

"Mlete Wivine kwanza. Mbuzi atafuata."

Safari hii nalikumbuka kila neno.

Nanyi mtakaopelekwa kwenye kipimo hicho, msihangaike kwa hofu ya kusinzia. Kusinzia kwenyewe ni kufumba na kufumbua. Chagueni kwa uangalifu mtu wa kuketi kando yenu. Awe yule atakayesikia maneno yenu ya leo, kisha akangoja kesho ndipo ayashike.