Sauti ya Zimwi la Papa Yakubu

Kabondo, mtaa wa Kisangani, ukiuliza njia ya kwenda kwa Papa Yakubu, utaulizwa kama unataka kiti au unataka hadisi. Tangu ujana wake alikuwa anasuka viti vya kekele, zile kamba ngumu za msituni zinazolowekwa kwa maji na kupindwa juu ya moto, na mikono ikiwa kazini mdomo nao haukupumzika. Hadisi alizirithi kwa bibi yake. Sauti alijitafutia mwenyewe, kila mnyama yake. Sungura alisema mbiombio kama mama muuza mikate anayegombana na mteja. Chui alisema Kifaransa cha bosi wa ofisi. Lakini iliyomletea sifa ni sauti ya zimwi.

Zimwi la Papa Yakubu lilisema Kiswahili cha watu wa vijiji fulani vya msituni, mbele ya Bafwasende, ambao kwenye ulimi wao kila "r" inageuka "l". Alikuwa anavuta shingo, analegeza mdomo wa chini, halafu anatoa maneno pole pole, mazito: "Minasikia halufu ya mutoto. Halufu muzuli." Hapo watu walijishika mbavu. Kwenye ndoa waliiomba, kwenye matanga waliiomba watu wakishachoka kulia, na jioni za Ramadhani, baada ya kufuturu, watoto wa majirani walijaa barazani kuingojea. Miaka mingi alikula sifa ya sauti hiyo, na hata siku moja hakujiuliza ni ya nani.

Kisha watu wenye silaha wakaingia kwenye machimbo ya dhahabu kule msituni, wakachoma vijiji vilivyokuwa karibu, na familia zikaanza kufika Kisangani, wengine juu ya malori, wengine kwa miguu. Waliwekwa kwenye hangari moja ya zamani ya kahawa, kando ya barabara ya Ituri. Nasra, binti wa Papa Yakubu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Akitoka darasani alipanda toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, anakwenda kusaidia akina mama waliokuwa wanapika pale chini ya uongozi wa mama Berthe.

Siku moja alirudi, akaketi karibu na baba yake bila kuvua viatu.

"Papa, batoto ba kule habachezi," alisema. "Unabapatia mpira, banauangalia tu. Kuko kamoja kasichana, Bonheur, tangu kamefika hakajasema neno. Kuya ubapatie hadisi."

"Mimi?"

"Sasa nani mwingine?"

Papa Yakubu alijifanya kufikiri, lakini moyoni alikuwa amekwisha kukubali. Ukweli ni kwamba alifurahi. Kesho yake alioga mapema, akavaa shati la bluu la siku za Idi na kofia safi, akachagua hadisi yake bora kabisa. Juu ya toleka alikuwa anaijaribu midomoni, hata yule kijana wa kukanyaga pedali akageuka kuangalia nani anaongea.

Hangarini walimpa kiti cha plastiki. Watoto walikaa kwenye mikeka, mbali naye, na nyuma yao akina mama wa mjini walikuwa wanaponda lituma, zile ndizi za kuchemsha, kwa chakula cha jioni. Alianza taratibu. Kaka na dada wamekwenda msituni kuokota mbinzo, wale viwavi watamu. Wamefuata mti hadi mti, kapu limejaa, na walipogeuka, njia haipo. Akawafundisha wimbo wa wale watoto wawili, mfupi, wa kuita njia irudi. Mara ya kwanza aliimba peke yake. Mara ya pili waliitikia wachache. Mara ya tatu mikeka ilianza kusogea. Msichana mmoja mwembamba, mwenye gauni la mtu mkubwa lililofungwa kiunoni kwa kitambaa, alikuja mpaka karibu kabisa, akashika mguu wa kiti. Papa Yakubu alimwona Nasra kule nyuma anamwonyesha kwa macho: ndiye huyu.

Kama angeishia hapo, ingekuwa siku njema.

Kaka na dada wakafika kwenye mti wenye tundu. Ndani ya tundu kitu kikapumua. Papa Yakubu alivuta shingo, akalegeza mdomo, akatoa ile sauti.

"Minasikia halufu ya mutoto. Halufu muzuli."

Akina mama wa mjini waliangua kicheko. Mama Berthe alibaki na mchi hewani, anacheka. Kwenye mikeka hakuna aliyecheka. Papa Yakubu akadhani hawakusikia sawasawa, kwa sababu hakuwahi kuona watu wakibaki kimya hadisi ikifika hapo. Basi akairudia, kwa nguvu zaidi, na mdomo wa chini akaulegeza zaidi, na akaongeza yale ya harusini: "Fungua mulango, mutoto, usiogope, mi lafiki."

Mvulana mmoja mkubwa alisimama akaondoka. Wenzake wakamfuata. Yule msichana aliachia mguu wa kiti.

"Zimwi iko mutu ya kwetu?" aliuliza. Alikuwa ndiye Bonheur, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu afike Kisangani.

"Apana, mutoto yangu. Ni hadisi tu."

"Sasa juu ya nini anasema kama papa yangu?"

Kicheko cha akina mama kilikatika. Bibi mmoja, ambaye watoto walimwita koko Rosine, aliinuka mkekani akijiegemeza kwenye goti lake mwenyewe, akamshika Bonheur mkono, akampeleka upande mwingine wa hangari. Hakumwangalia hata kidogo huyo mzee wa shati la bluu. Angemtukana, labda ingekuwa nafuu.

Papa Yakubu hakungoja toleka. Alirudi kwa miguu, kandokando ya barabara, akiwa ameivua kofia na kuishika mkononi kama mtu anayetoka kuzika. Njiani watu walimsalimu. Aliitikia bila kuinua macho. Alihisi kwamba kila anayempita ameshasikia. Masikio yalikuwa yanamchoma. Kilichomchoma zaidi si ile mara ya kwanza, ni ile ya pili, pale alipoona watoto wamekaa kimya naye akapaza sauti.

Nyumbani Malika, mke wake, alijaribu kumpoza. "Papa Nasra, wale ni batoto. Batasahau."

Papa Yakubu alivuta kekele, akaanza kusuka. Alikuwa anamkumbuka Lambert. Lambert ndiye aliyekuwa anamletea kekele kutoka msitu wa Masako, mafungu makubwa juu ya baiskeli, mtu mpole aliyezaliwa kule mbele ya Bafwasende. Mara nyingi alifika wakati Papa Yakubu anawachekesha wateja kwa sauti ya zimwi. Papa Yakubu siku zote alisema kwamba hata Lambert mwenyewe alikuwa anacheka. Sasa, akitafuta kichwani uso wa Lambert unaocheka, hakuupata. Alipata mgongo wake. Sauti ya zimwi ikianza, Lambert aligeuka kwenda kukaza kamba za baiskeli, zilizokuwa zimekwisha kukazwa.

Siku zilipita, hakwenda tena hangarini. Alisuka viti bila kusema, na wateja wakauliza kama anaumwa. Nasra naye hakumsukuma. Mwishowe ni mzee mwenyewe aliyeshindwa kuvumilia.

"Batoto... banauliza juu yangu?"

Nasra alikuwa anachambua pondu, majani ya muhogo ya kupika. "Apana, papa. Habaulizi."

Alitamani amwambie kwamba wamekasirika. Kukasirika ni kitu. Mtu anaweza kukiendea. Usiku huo hakulala vizuri, na asubuhi aliamua kwenda. Hakuvaa shati la bluu. Alivaa nguo za kazi.

Alimkuta koko Rosine amekaa nyuma ya hangari, anamenya mihogo. Papa Yakubu alichutama mbele yake, ingawa magoti yalilalamika.

"Mama, nimekuja kuomba musamaha."

"Kwangu?" Koko Rosine aliendelea kumenya. "Mimi nimezoea. Tangu niko kasichana, nikileta mukungu ya ndizi sokoni mujini, banacheka kinywa yangu mbele ya kununua. Kinywa yangu imezeeka na kicheko."

Papa Yakubu aliinamisha kichwa.

"Wewe ni ba Kabondo," bibi alisema. "Ba Alabu-Alabu."

"Ndiyo, mama. Babu zetu walikuja na biashara, zamani."

"Biashala." Alilitupa gamba la muhogo kando. "Unajua zimwi ya kwetu iko namna gani? Ile koko yangu alinipatia?"

"Sijui, mama."

"Iko navaa kanzu mweupe. Inasema Kiswahili ya mujini, muzuli sana, tamu. Inakuja na kamba mulefu. Inauliza mutu: jina yako nani? Ukijibu tu, kamba iko shingoni."

Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika. Papa Yakubu hakujua macho yake ayapeleke wapi. Nyumbani kwao habari za wale wazee zilisimuliwa kwa majivuno: misafara yao, bunduki zao, misikiti waliyoijenga. Kamba ya kufungia watumwa haikutajwa. Alikuwa ameijua, kama kila mtu Kisangani anavyoijua, lakini hakuwahi kuisikia kwa mtu ambaye shingo ilikuwa ya kwao. Akafikiri: nimekuja hapa kubeba aibu moja, sasa ziko mbili, na hii ya pili ni kubwa kuliko mimi.

"Hiyo hadisi," alisema mwishowe, "unaipatia hawa batoto?"

"Niliacha. Binti yako anabapikia kila siku na kitambaa yake kichwani. Nikibapatia zimwi ya kanzu, batamuangalia namna gani?" Sasa ndipo alipomtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Musamaha omba kwa mutoto. Iko pale."

Bonheur alikuwa amekaa juu ya gunia tupu, anachora vumbini kwa kidole. Papa Yakubu hakujua mtu mzima anaombaje msamaha kwa mtoto. Hakuna aliyewahi kumfundisha, na kwa watoto wake mwenyewe hakuwahi. Alikaa chini, mbali kidogo.

"Nilifanya mubaya," alisema. "Ile sauti si ya zimwi. Ni sauti ya batu. Nilikosa."

Bonheur aliendelea kuchora. Papa Yakubu akangoja. Wanawake walipita na ndoo za maji, wakapunguza mwendo kumwona mzee mzima amekaa vumbini, na yeye akaacha wamwone. Alidhani hatajibiwa, akaanza kukusanya magoti ainuke.

"Sema tena," Bonheur alisema.

"Niseme nini?"

"Ile sauti."

"Apana, mutoto yangu. Ile sitaisema tena."

"Sema kidogo." Alikuwa haangalii uso wake, anaangalia shati. "Si ya zimwi. Sema: papa ataludi."

Baba wa Bonheur, kama Nasra alivyosimulia, alibaki machimboni siku ile ya moto, na tangu hapo hakuna aliyepata habari yake. Neno lilikuwa moja tu, jepesi, na mtoto aliyenyamaza muda wote ule alikuwa amelinyooshea mkono. Lakini mdomo wake ulikuwa umeshamdanganya mtoto huyu mara moja kwamba hadisi ni hadisi tu.

"Hiyo siwezi," alisema. "Sijui kama atarudi. Ningejua ningekuambia."

Bonheur alifuta mchoro wake kwa kiganja. Kisha akasema, "Basi sema: lala muzuli, Bonheur. Ni vile alikuwa anasema."

Papa Yakubu aliangalia kama kuna mtu karibu. Hakuvuta shingo, hakulegeza mdomo. Alisema polepole, kwa sauti ya chini kabisa, jinsi Lambert alivyokuwa akiaga mlangoni, kwani huyo ndiye pekee wa kule ambaye masikio ya mzee yaliwahi kumsikiliza kweli.

"Lala muzuli, Bonheur."

Mtoto alifumba macho. Alipofumbua alisema, "Si vile sana." Baada ya kitambo akaongeza, "Lakini kidogo."

Kuanzia hapo Papa Yakubu alikuwa anakwenda hangarini mara kwa mara. Hadisi hakuzitoa mara moja. Alichukua kekele, akasuka vikapu, na watoto waliotaka walikaa kushika ncha za kamba. Walipoanza kumwomba, aliwasimulia, na zimwi lake halikuwa na sauti, ikabidi wao wenyewe walitafutie. Wengine walinguruma, mmoja alilia kama gia ya lori lililokwama matopeni, wakacheka. Zilikuwa hadisi dhaifu kidogo, mwenyewe alijua. Yule mvulana mkubwa hakurudi kukaa naye hata siku moja, na Papa Yakubu hakumlaumu. Bonheur alikaa nyuma ya wenzake, karibu na koko Rosine. Jioni, kabla mzee hajaondoka, mara nyingine alimfuata mpaka barabarani na kuomba yale maneno, na mara nyingine hakuja.

Msimu wa mvua ulipoisha, familia zilianza kurudi upande wa kwao, lori baada ya lori. Koko Rosine na Bonheur waliondoka asubuhi Papa Yakubu akiwa karakanani. Nasra ndiye aliyemletea habari. Kuhusu baba wa mtoto, hakuna aliyejua zaidi.

Mwezi uliofuata kulikuwa na harusi kwa Hemedi, jirani yao. Watu wakishakula, wakaanza kumwita: Papa Yakubu, zimwi, zimwi. Alikataa, akasema koo linauma. Basi kijana mmoja wa ukoo wa bibi harusi akasimama, akavuta shingo, akaitoa sauti yote kama ilivyo, "halufu muzuli", hata ule mdomo wa chini aliuweza, maana aliusomea barazani kwa Papa Yakubu mwenyewe tangu utoto. Uwanja mzima ulicheka. Wengine walimgeukia mzee kumpongeza kwa mwanafunzi wake.

Papa Yakubu alitaka kusimama aseme jambo. Alitafuta la kusema, na kila alichokipata kilianza na jina lake mwenyewe. Aliinuka hata hivyo.

"Nyamaza kidogo, mutoto yangu," alimwambia yule kijana. "Kaa. Nitabaeleza hii sauti nilitoa wapi."

Watu walitulia, wakitabasamu, wakidhani hadisi inaanza.