Kafuri Mikononi mwa Mama Kibibi

Niseme kwanza ubaya wangu, maana majirani zangu hapa mtaa wa Kikula, Likasi, wanaujua, na nikiuficha watautangaza wao. Kwa miaka kumi na mmoja nilikaa ukuta mmoja na Mama Kibibi, na katika miaka hiyo sikula hata mara moja kitu kilichotoka mikononi mwake. Kila Idi alinitumia sahani ya pilau iliyofunikwa kitambaa. Nilishukuru kwa sauti, nikangoja aingie kwake, kisha nikazunguka nyuma ya choo nikammwagia mbwa wa jirani yetu Papy. Mbwa yule alinenepa kwa sikukuu za Waislamu.

Sababu ilikuwa kazi yake. Mama Kibibi anaosha maiti. Mwanamke Mwislamu akifariki hapa Likasi, au Kapolowe, au hata kule Kakanda, simu inalia kwake. Anachukua kikapu chake chenye beseni, vitambaa, majani ya mkunazi na kopo la kafuri, anapanda teksi-basi anakwenda. Mimi ni Mkristo, babu yangu alitoka Kasai kuja kuchimba shaba. Wafu wetu tunawalilia na kuwaimbia usiku kucha, lakini mikono iliyofumba macho ya wafu sikutaka iniguse. Nilikuwa na hakika kwamba ni ya baridi. Naye alijua. Tukisalimiana alininyoshea kigasha, si kiganja, kama mtu mwenye unga mikononi, nami nilikigusa kwa ncha za vidole tu.

Kazi yenyewe hakuirithi kwa mtu. Wazazi wake walitoka Kasongo, na mume wake, Assumani, alikuwa dereva wa lori. Walikuwa na binti mmoja, Khadija, aliyechukuliwa na malaria akiwa na miaka tisa. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Likasi inakata mifupa, na mwoshaji aliyeitwa alikuwa na haraka zake. Akaanza kummwagia mtoto maji ya bomba vilevile yalivyo. Mama Kibibi akamnyang'anya jagi. Akawasha moto, akachemsha maji, akayapoza mpaka yakawa ya uvuguvugu, akamwosha mwanawe mwenyewe hadi mwisho. Tangu siku ile hajamwosha mtu kwa maji baridi. Haya aliniambia baadaye sana. Wakati huo mimi nilijua kopo la kafuri tu.

Assumani naye alipofariki, nyumbani alibaki Mama Kibibi na paka wake, Madame. Paka mweusi, kifua cheupe, mwenye maringo ya mke wa mkurugenzi. Alimwokota wiki ya arobaini ya Assumani, na tangu hapo nilikuwa namsikia juu ya ukuta akimsimulia habari za siku nzima. Hakuwa na mtu mwingine wa kumsimulia. Siku za maiti tu Madame hakukubali kukaa naye. Alirukia ukuta wangu, akakaa karibu na mbabula yangu ninapokaanga mikate juu ya makaa, akaniibia dagaa. Nilimtukana sana. Nilimwekea vichwa vya samaki pia, lakini hilo sikumwambia mtu.

Basi mwezi wa saba uliopita alifariki mama mzee wa Haruna, muuza duka. Mama Kibibi akaenda kuosha, na wakati anaosha akasikia kilio chini ya kitanda. Walikuwa watoto wawili wa paka, macho yamefunguka si zamani, mama yao alikanyagwa na lori wiki ile. Haruna alisema baada ya mazishi atawatupa mto Panda. Mama Kibibi akawaomba. Akawatia ndani ya kikapu chake, juu ya vitambaa, ubavuni mwa kopo la kafuri ambalo kifuniko chake kilikuwa kimelegea. Kosa lilikuwa pale, na asingeweza kulifanya mtu mwingine Likasi nzima.

Nilisikia vita nikiwa uani. Mlio wa Madame ulinitoa jasho, kisha beseni likaanguka, kisha Mama Kibibi akapiga kelele, na katika miaka kumi na mmoja sikuwahi kumsikia akipiga kelele. Madame akapita juu ya ukuta manyoya yote yamesimama. Yule mdogo zaidi alikuwa amepasuliwa sikio.

Siku ya pili Madame hakurudi. Ya tatu pia. Alikaa juu ya ukuta akiangalia mlango wa kwao, na chakula alichowekewa kizingitini hakukigusa. Chini ya ukuta, upande wa nyuma, mbwa wa Papy alikuwa amejilaza akimngoja. Asubuhi ya siku ya nne nikaona fundo la manyoya meusi chini, na Madame anachechemea. Nilijua, na Mama Kibibi alijua, kwamba paka anayelala nje Kikula hana siku nyingi.

Asubuhi hiyo alisimama mlangoni kwake, wale wadogo kifuani, akaniita juu ya ukuta. Wateja wangu wa mikate walikuwa wamejaa.

"Mama Gaëlle, Madame eko kwako?"

"Eko ku ukuta. Mbwa itamukula, mama. Sababu ya nini analala inje?"

"Anakatala batoto. Sijue juu ya nini. Eko na roho muzuri, weye unamujua."

Upepo ukageuka, harufu ikanifikia. Mimi sina breki mdomoni. Mama yangu alinipiga sana kwa hilo na halikupona.

"Mama Kibibi, hata minye ningekuwa pushi ningekimbia! Unanuka kafuri! Batoto bananuka kafuri! Nyumba yote inanuka maiti!"

Mteja mmoja, Fidélie, akaangalia chini. Mama Kibibi akainua mkono wake wa kulia polepole, akaunusa. Akanusa wa kushoto. Nyani haoni kundule, na pua iliyoishi na harufu moja miaka ishirini haiisikii tena.

"Sisikie kitu," akasema. "Toka lini?"

"Toka siku zote."

"Na hakuna muntu aliniambia."

Akaingia ndani akafunga mlango. Niliunguza mikate yote iliyokuwa kwenye mafuta.

Siku nzima ile moshi ulitoka kwake. Alichoma kikapu. Alichemsha maji, akajisugua kwa ndimu na majivu mpaka ngozi ikachubuka, akawaosha wale wadogo kwa maji ya uvuguvugu, akawakausha juani mmoja mmoja. Jioni akamwita Madame kwa sauti ya kubembeleza. Madame akashuka, akafika kizingitini, akanusa. Nikaona mgongo wake ukiinuka kama upinde. Akamparura Mama Kibibi mkononi toka kiwiko hadi kifundo, akarudi ukutani. Kila Mama Kibibi alipowagusa wadogo ili kuwasafisha, aliwapaka tena kafuri iliyobaki chini ya kucha zake.

Ijumaa akaja mlangoni kwangu na kisanduku cha sabuni. Hakuwahi kuja mlangoni kwangu. Alisimama hatua tatu nje, kama kawaida yake ya kuwapa watu nafasi.

"Leo minabarudisha kwa Haruna," akasema. "Madame atakufa inje. Sitaweza kuzika Madame."

"Haruna atabatupa mu Panda."

"Ninajua." Akaangalia kisanduku. "Ao weye ubashike. Madame anapenda harufu yako, ya mafuta na dagaa. Bakae kwako siku tatu, banuke sawa weye. Minye sitabagusa."

Nilirudi nyuma. Ndiyo, nilirudi nyuma, na aliona. Wale walikuwa wametoka chini ya kitanda cha marehemu, wakalala ndani ya kikapu cha wafu, na aliyewashika ni yeye. Nikaanza kusema kwamba nina kazi, kwamba Gaëlle, binti yangu, anakohoa, kwamba paka hawapendi moshi.

"Mama Gaëlle," akanikatiza, na hakupandisha sauti. "Pilau ulimwaga, sawa. Miaka kumi na moja ninaonaka mbwa ya Papy. Pilau haina roho. Hawa beko na roho."

Nilitaka ardhi inimeze. Alikuwa akijua! Kila Idi alijua sahani inakokwenda, na kila Idi aliosha mchele, akakaanga vitunguu, akafunika kitambaa, akaituma.

Nikaitandaza aproni yangu, ile yenye mafuta ya miaka. Nilifumba macho, nakubali. Akaweka kisanduku chini, akarudi nyuma, nami nikawatoa mwenyewe. Walikuwa wepesi mno, na mwenye sikio lililopasuka hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Siku tatu walilala kwenye aproni yangu, pembeni ya mbabula. Niliwanywesha maziwa ya unga na mchuzi wa dagaa kwa kijiko. Gaëlle alinicheka mpaka akapata kwikwi. Mwenye sikio bovu usiku wa kwanza alikataa kula, na nilijikuta namwombea kwa jina la Yesu, paka wa Mwislamu. Asubuhi akalamba kijiko. Ile aproni niliitundika mchana ukutani, karibu na Madame. Siku ya kwanza aliipa mgongo. Ya pili akainusa. Ya tatu akasugua shavu lake juu yake, na upande wa pili wa ukuta nikasikia Mama Kibibi akivuta pumzi.

Jumatatu mchana tukawakutanisha. Mama Kibibi hakuweza kuingia nyumbani mwake. Aliogopa mikono yake isije ikaharibu kila kitu. Alisimama nje ya dirisha, mikono nyuma, akanielekeza mimi niliyekaa sakafuni mwake kwa mara ya kwanza maishani.

"Usisimame. Usimuangalie mu macho. Sahani mbili, moja mbali, moja karibu. Bibi mukubwa na bibi mudogo ya bwana mumoja habakutanishwake mu jiko siku ya kwanza."

Madame akaingia. Alifuata harufu ya samaki mpaka katikati ya chumba, ndipo akawaona. Masikio yakalala. Mlio ukaanza chini kabisa ya koo lake, ule ule wa siku ya kwanza. Mkubwa wa wale wadogo akajificha chini ya goti langu. Yule wa sikio bovu, mjinga yule, akatoka kwenye aproni akaenda moja kwa moja kwake, akiyumba.

Mkono wangu ukaruka kumshika.

"Acha," Mama Kibibi akasema dirishani.

"Atamuua!"

"Acha, Mama Gaëlle. Umushike, atajua uko na woga."

Nikaukalia mkono wangu. Madame akainua kucha. Nilihesabu pumzi tatu. Kisha akampiga kofi, mdogo akaanguka ubavu, nikasikia kitu kikigonga dirisha. Ni paji la uso la Mama Kibibi. Lakini hapakuwa na damu. Kofi lilikuwa bila kucha. Mdogo akainuka, akasimama palepale, akilia. Madame akamnusa puani. Akamnusa tumboni, nyuma, kisha akafika kwenye sikio alilolipasua mwenyewe na akakaa hapo muda mrefu sana.

Akalilamba. Mara moja, kama aliyeonja kitu asichokijua. Kisha akamkandamiza kwa mkono na kulilamba sawasawa, kwa ukali, mpaka mdogo akapiga kelele. Mimi nililia, sina haya ya kusema. Nilipogeuka dirishani hapakuwa na mtu. Mama Kibibi alikuwa amechuchumaa chini ya ukuta wake, uso ndani ya kitenge.

Hapo simu yake ikalia. Nilitoka nikamkuta ameshasimama, anajibu kwa sauti ya kazi: inna lillahi, ndiyo, kule Shituru, ninakuja, mupashe maji. Akaikata, akaangalia mlango wake uliokuwa wazi, paka watatu ndani.

"Nitarudia na kafuri tena," akasema. "Madame atatoka. Itaanza upya."

"Haitaanza. Batalala kwangu bote batatu mpaka itoke. Siku ngapi?"

"Mbili. Na ndimu nyingi."

"Ndimu iko kwangu."

Alikuwa na kikapu kipya. Akakitundika begani, akaninyoshea kigasha kama siku zote, kile chenye alama ya kucha za Madame. Niliuacha mkono wangu uteleze juu ya alama ile mpaka chini, nikamshika kiganja, chote. Kilikuwa cha moto.

"Utanuka, Mama Gaëlle."

"Tutanawa wote."

Hakuuondoa mkono. Teksi-basi ilipiga honi barabarani, nayo pia hakuijali.

"Na mbwa ya Papy?" akaniuliza.

"Idi hii," nikasema, "atalala njaa."