Saa Nyeupe ya Bwana Yeslam

Kabla jina lake halijachafuliwa, hakukuwa na harusi Mtongwe ila Jalila aliitwa. Hakuitwa kupika wala kuimba. Aliitwa kukaa na dhahabu. Bibi harusi wa huku huazimwa mikufu na bangili na mashangazi na majirani, na lazima apatikane mtu wa kuvikalia vito hivyo mpaka kila kimoja kirudi kwa mwenyewe. Mtu huyo alikuwa Jalila. Mikononi mwake haikupotea hata hereni.

Siku za kawaida alifanya kazi nyumbani kwa Bwana Yeslam, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Likoni. Alifua, alipika, akamlea Sameer, mtoto wa nyumba ile, mpaka akaota ndevu. Bwana Yeslam alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini, mpole wa maneno. Mkononi alivaa saa nyeupe aliyorudi nayo kutoka Dubai. Akiulizwa, husema, "Chuma tu hiki." Nani amkatalie? Mwanamume Mwislamu havai dhahabu, na dhahabu kila mtu anaijua rangi yake.

Mwaka huo, Idi ilipokaribia, mkewe Bwana Yeslam, Bi Mahfoudha, alimwambia Jalila asugue vyombo vya fedha, vyetezo vya ubani na mrashi wa marashi. Jalila akasugua kama alivyofunzwa na mamake, kwa ukwaju na jivu. Bwana alikuwa ametoka kutawadha, saa akaisahau kando ya beseni. Jalila akaiona imeshika uchafu wa jasho kwenye kingo. Akasema moyoni, wacha nimfanyie hisani. Akaisugua kwa nguvu zake zote, kama chetezo.

Siku ya Idi, watu wamejaa sebuleni, Sameer akaushika mkono wa babake.

"Baba, hii si saa yako! Tazama kingo, manjano matupu. Hii shaba imepakwa rangi. Umebadilishiwa!"

"Jalila!" akaita Bi Mahfoudha.

"Abee."

"Saa ya bwana umemuuzia nani?"

"Saa? Wallahi, bibi, mimi niliisugua tu."

"Chuma kisuguliwe kitoe manjano?" Sameer akacheka. "Ulikisugua kwa bizari?"

Wageni nao wakacheka. Jalila hakuwatazama hao. Alimtazama Bwana Yeslam, maana neno lake moja lilitosha. Bwana Yeslam akaivua saa polepole, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Mwacheni aende zake," akasema. "Polisi msiwaite. Mungu ndiye mwenye kulipa."

Likoni nzima ikamsifu kwa huruma yake. Haukupita mwezi akaonekana tena na saa nyeupe, watu wakadhani amenunua nyingine.

Harusi iliyofuata Mtongwe ilikuwa ya jirani, ukuta kwa ukuta. Jalila alioga, akajifunga leso mpya, akakaa kungoja kuitwa. Akasikia vigelegele vinaanza na kwisha. Tangu hapo haitwi. Akienda mwenyewe, wanawake huvuta mikoba yao mapajani, na bangili husukumwa juu, ndani ya mikono ya buibui. Akaishia kukaanga mihogo kando ya njia, na hata huko wako waliohesabu chenji mara mbili.

Miaka ikapita. Siku moja alimpelekea Mansur, sonara, hereni yake iliyokatika. Katika mazungumzo likatokea jina la Bwana Yeslam.

"Ah, mzee wa saa ya dhahabu," Mansur akasema.

"Dhahabu gani? Ile ilikuwa nyeupe."

"Dhahabu nyeupe, mama. Huchanganywa na madini mengine ikapoteza umanjano, kisha huchovywa weupe juu. Ule weupe ukiisha, kwa kuvaliwa au kusuguliwa, umanjano huchungulia. Kila ukichungulia huniletea niichovye tena." Akamtazama usoni. "Mama Jalila, nakuomba, jina langu usilitaje. Sonara akitoa siri ya mteja, amefunga duka."

Jalila akaapa kwamba hatalitaja. Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Yeslam, akamkuta kitandani, maradhi yamemmaliza, yuko peke yake.

"Ulijua," Jalila akamwambia.

Mzee akafumba macho. "Nilijua."

"Basi mwite mkeo. Mwite Sameer. Waambie."

"Jalila, mimi watu wananisalimu kwa mikono miwili. Niseme nimevaa dhahabu miaka yote hii, nikasimama nayo safu ya mbele? Nisamehe. Nakuomba radhi, hapa, mimi na wewe na Mungu."

"Ulinivua nguo mchana, sebule imejaa watu. Leo wataka kunivisha gizani?"

Akaondoka. Alidhani mzee atamwita. Kilichokuja kabla ya wito ni habari ya msiba.

Siku ya hitima Jalila aliingia, akaketi mwisho wa jamvi la wanawake. Bi Mahfoudha alikuwa katika eda, macho yamevimba. Shangazi mmoja mtu mzima akasema, kama ilivyo desturi, "Jamani, aliyemkosea mumsamehe. Mwenye dai aseme."

"Tumemsamehe," wakaitikia.

"Mimi ninalo dai," Jalila akasema. "Ile saa sikuiba. Ndiyo hiyo hiyo aliyokufa nayo. Ni dhahabu, na mwenyewe alijua. Aliniambia kwa kinywa chake."

Jamvi zima likavuma.

"Astaghfirullah!"

"Mzee Yeslam avae dhahabu?"

"Alikwambia mbele ya nani?" Bi Mahfoudha akauliza.

Jalila akafungua mdomo. Jina la Mansur likafika ulimini, na kiapo nacho kikafika. Akalimeza.

"Mbele ya Mungu," akasema.

Bi Mahfoudha akacheka kicheko kibaya, machozi yakimtiririka. "Ulimwibia akiwa hai, tukakusitiri. Leo yuko kaburini, waja kumwibia na jina lake!"

Wanawake wawili wakamshika Jalila mabega, wakamwinua. Hawakumsukuma. Walimwongoza polepole mpaka mlangoni, kama anavyoongozwa mgonjwa. Aliposhuka kizingiti alisikia nyuma yake mwanamke mmoja akimuuliza mwenzake, "Mkoba wako uko wapi? Uangalie vizuri."